Suti nyeusi imetoka kahawia kwenye albamu: mwongo ni skrini yangu au mashine ya labu?

#1 Kamera_Igoma
Wakuu, salaam. Naenda moja kwa moja kwenye hoja.

Harusi ilikuwa hapa hapa Mwanza. Kanisani asubuhi, bustanini Capri Point mchana, ukumbini usiku. Bwana harusi kavaa suti nyeusi tii. Kwenye kompyuta yangu ni nyeusi, kwenye simu ni nyeusi. Albamu imerudi kutoka labu, suti imekuwa kahawia inayoelekea damu ya mzee, na nyuso za wasimamizi zimeiva nyekundu utadhani wametoka kuota moto. Labu wanasema faili langu ndivyo lilivyo. Mteja hataki kumalizia malipo. Nikapeleka picha mbili kwenye labu nyingine mjini kujaribu, huko zimetoka na ukijani kwa mbali.

Faili ni lile lile, mashine mbili, majibu mawili. Nani mwongo? Na kabla hamjaniambia ninunue kile kidude cha kupimia skrini: kuna mtu Kanda ya Ziwa anakitumia kweli, au ni mambo ya YouTube tu?

#2 Sato wa Kukaanga
Mwongo ni bwana harusi. Alikodi suti ya kahawia akakwambia nyeusi.

#3 Pasiansi Juu
Dogo hilo mkuu. Ulipeleka RGB (rangi za mwanga: nyekundu, kijani, bluu) wakati mashine zinachapa kwa CMYK (wino nne: siani ya samawati, magenta ya waridi iliyokolea, njano na nyeusi). Geuza kwanza Photoshop ndiyo upeleke. Na hakikisha ni dpi 300 (nukta kwa inchi).

#4 Dada Lenzi
Pasiansi, hapana kaka. Labu ya karatasi inayopita kwenye dawa haitumii wino kabisa. Ndani kuna leza nyekundu, kijani na bluu zinamulika karatasi, kisha karatasi inaoshwa. Ukiipelekea CMYK, ama inalikataa faili ama inalirudisha RGB yenyewe, na rangi nyingine zimeshapotea njiani. CMYK ni ya wachapaji wa kalenda, vitabu na vipeperushi, na hata hao uwaulize kwanza wanataka profaili ipi, yaani faili la maelezo ya rangi za mashine na karatasi yao. Dpi haihusiki na rangi hata chembe.

Igoma, faili lilikuwa sRGB au Adobe RGB, yaani linahesabu rangi kwa kipimo cha kawaida au kile kipana? Angalia na kamera yenyewe. Kuna watu wameweka Adobe RGB kwa kuwa walisikia ndiyo kubwa.

#5 Kashozi Boy
sRGB na Adobe RGB zote ni mali ya Adobe, tofauti yake jicho la kawaida halioni. Huku Bukoba tunatumia yoyote na picha zinatoka safi.

#6 Mwl. Rangi
Kashozi, nisamehe, sRGB ilitengenezwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Adobe RGB ndiyo ya Adobe, ya 1998. Na tofauti inaonekana vizuri tu: ukipeleka Adobe RGB kwenye mashine inayodhani kila faili ni sRGB, picha inatoka imepauka, kijani kinachoka na nyekundu inalegea. Haiivi. Kwa hiyo hata kama Igoma alipeleka Adobe RGB, hilo si jibu la suti yake.

#7 Sato wa Kukaanga
Bukoba hata picha zikitoka mbaya watasema ndivyo Ulaya wanavyochapa.

#8 Kamera_Igoma
Faili ni sRGB, nimehakikisha. Kamera pia.

#9 Wino Mzito
Dada Lenzi, hapo #4 uko sahihi kwa mashine za leza, lakini usisahau labu nyingi sasa ni zile kavu. Fujifilm na Noritsu wenyewe wanauza mashine za picha zinazorusha wino, hakuna dawa wala maji. Hizo bado unazipa RGB, ila ugonjwa wake ni mwingine. Nozeli (vitundu vya wino) za siani zikiziba kidogo, picha nzima inaegemea nyekundu. Nyeusi ya picha hutengenezwa kwa kuchanganya wino, siani ikipungua unaona kahawia. Hiyo ndiyo suti ya Igoma kabisa.

Mimi niko Nyakato na Epson ya matangi, rangi sita. Kila asubuhi kabla ya kazi natoa karatasi ya kukagua nozeli. Vumbi la barabarani kwetu mnalijua. Muulize jamaa wa labu ni mashine ya dawa au ya wino, na kama anakagua nozeli.

#10 Mzee wa Filamu
Mwangaluka vijana. Mnakimbilia mashine kuharibika wakati mashine nzima inaweza kufanya hayo hayo.

Labu inaposahihisha yenyewe, inaanza na dhana kwamba rangi zote za picha zikichanganywa pamoja zinakaribia kijivu. Picha nyingi ni kweli. Sasa wewe umempeleka bibi harusi kwenye nyasi, nyuma miti, kushoto miti. Mashine inaona kijani kimezidi, inadhani ni kosa la mwanga, inaongeza magenta kukizima. Nyasi zinachoka kidogo, hakuna atakayelalamika, lakini suti nyeusi na nyuso zinabeba magenta yote. Tulilijua jambo hili enzi za filamu. Mtoto akipigwa mbele ya ukuta mwekundu uso unatoka wa samawati, akipigwa kwenye majani uso unaiva. Fundi mzuri alikuwa anaitambua picha ya namna hiyo kwa jicho, anaizuia mashine kwa mkono.

Waambie wachape bila masahihisho yoyote. Waandike kwenye bahasha kabisa, maana kijana wa zamu ya jioni hakuwepo ulipoongea na wa asubuhi.

Halafu na ngozi zetu. Labu za zamani zilipangwa kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, wenyewe waliita kadi ya Shirley. Uso wa yule ukitoka vizuri, mashine imepangwa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Si ajabu bibi harusi wa Kisukuma alikuwa anatoka kijivu, au kachomwa.

#11 Dada Lenzi
Shikamoo Mzee. Hapo kwenye nyasi nakubali asilimia zote.

#12 Malimbe 3
Mzee samahani, nauliza kama mwanafunzi. Enzi za filamu picha ikitoka na magenta mlikuwa mnapunguza filta ya magenta?

#13 Mzee wa Filamu
Tuliongeza kijana. Negativu inageuza mambo: picha ikiwa na magenta, unaongeza magenta kwenye taa ya kukuzia. Kila mwanagenzi aliharibu karatasi nyingi kabla hajaliamini hilo.

#14 Kamera_Igoma
Wabeja Mzee. Nyasi nimekuelewa, na picha za bustanini ndizo mbaya zaidi. Lakini ukumbini hakuna jani hata moja na suti bado ni kahawia, ingawa si sana. Hapo napo mashine iliona nini?

#15 Mwl. Rangi
Hapo nina shaka nyingine. Suti ni ya kitambaa gani? Vitambaa vingi vyeusi vya poliesta vinarudisha mionzi ya infraredi kwa wingi. Jicho haliioni, lakini sensa inaiona kama filta iliyo mbele yake ni dhaifu, na inaiandika kama wekundu wa zambarau juu ya nyeusi. Leica walitoa kamera ya M8 mwaka 2006, suti nyeusi zikawa zinatoka zambarau, ikabidi wawape wateja filta za kuweka mbele ya lenzi. Pamba na poliesta zote nyeusi dukani, kwenye picha moja nyeusi na nyingine kahawia.

Pima hivi: washa kamera uangalie kwa skrini yake, elekezea rimoti ya TV kwenye lenzi, bonyeza. Ukiona taa ya rimoti inawaka kwa nguvu, kamera yako inapitisha infraredi.

#16 Sato wa Kukaanga
Kwa hiyo kabla ya harusi tunaenda na rimoti kukagua suti? Mwl. umetuua.

#17 Dada Lenzi
Mwl., hoja ni nzuri ila ina tundu. Infraredi ikiingia kwenye sensa inakuwa ndani ya faili. Ingeonekana hata kwenye skrini, na Igoma anasema kwake ni nyeusi.

Igoma, acha kutuambia unachoona. Fungua picha, chukua kile kidude cha kunyonya rangi, bofya koti sehemu ya begani, tuandikie namba tatu: nyekundu (R), kijani (G), bluu (B). Zikikaribiana, hakuna rangi iliyozidi. Moja ya bustanini, moja ya ukumbini. Namba hazijali skrini ni ya bei gani.

#18 Kamera_Igoma
Bustanini: R 29, G 29, B 28.
Ukumbini: R 43, G 33, B 35.

#19 Pasiansi Juu
Hahaha. Kwa hiyo labu walisema kweli. Faili ndivyo lilivyo.

#20 Mwl. Rangi
La ukumbini lina wekundu tayari, pointi kumi za R juu ya G si kidogo kwenye giza kama hilo. La bustanini ni safi, na ndilo lililotoka baya zaidi. Hapo Mzee anasimama na nyasi zake. Ukumbini nasimama na infraredi yangu.

#21 Wino Mzito
Na mimi nasimama na skrini. Kwa nini 43, 33, 35 aione nyeusi? Laptopu nyingi za bei ya chini tunazonunua hazifikishi hata sRGB nzima, na ukiegemea nyuma kidogo kwenye kiti, sehemu za giza zinabadilika zote. Ongeza na mwangaza kupandishwa mpaka mwisho kwa sababu chumba kina dirisha. Mwangaza wa kufanyia kazi ya kuchapa ni kandela 80 hadi 120 kwa mita ya mraba, weupe wa kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga), gama 2.2 (mpito wa giza kwenda mwanga). Skrini iliyopandishwa mpaka mwisho inazidi hapo kwa mbali, ndiyo maana watu wanalia picha zimerudi na giza.

#22 Kamera_Igoma
Wino, mimi silii giza, nalia rangi. Na simu nayo ilionyesha nyeusi, simu si laptopu.

#23 Wino Mzito
Simu ndiyo muongo mkubwa. Skrini za AMOLED zikiwa kwenye hali ya rangi kali zinakoleza kila kitu, na nyeusi yake ni taa kuzimika kabisa. Mteja anashika simu pembeni ya albamu anasema mbona haifanani. Karatasi haiwaki mkuu, haitafanana milele.

#24 Jamaa wa Dunga
Habari zenu, natoka upande wa Kisumu. Nimefuatilia. Video man alikuwa na taa gani ukumbini? Zile halojeni za zamani zinatoa infraredi nyingi sana, zaidi ya mwanga wenyewe. Ingemsaidia Mwalimu.

#25 Kamera_Igoma
LED. Bapa mbili juu ya stendi.

#26 Dada Lenzi
LED nyeupe karibu hazina infraredi. Mwl., umepoteza shahidi. Mimi hapo naona LED zenyewe. Za bei rahisi zina mapengo kwenye wigo wa rangi, unarekebisha mizani ya weupe (kuiambia kamera nyeupe ni ipi) kwenye gauni, gauni linakaa sawa na suti inakataa. Weka na taa za DJ zinazogonga ukuta na kurudi.

#27 Mwl. Rangi
Sijapoteza. Flashi ya kamera ni zenoni, nayo inatoa infraredi. Igoma ulitumia flashi?

#28 Kamera_Igoma
Nilitumia kwenye picha nyingi. Zipo pia za bila flashi, sijalinganisha namba zake. Rimoti nimejaribu: taa inaonekana, zambarau hafifu. Sijui hiyo ni "kwa nguvu" au la.

#29 Mwl. Rangi
Hafifu ni kawaida kwa kamera nyingi. Linganisha namba za flashi na zisizo na flashi, koti lile lile.

#30 Pasiansi Juu
Na ule ukijani wa labu ya pili mbona mmeuruka? Nyasi, infraredi, LED, zote zinaleta wekundu. Faili lile lile kule limekuwa kijani.

#31 Mzee wa Filamu
Umeuliza vyema. Kama ni labu ya dawa, angalia wana wateja kiasi gani. Dawa ya karatasi inataka kazi ya kila siku ili dawa mpya iingie. Labu yenye wateja wachache dawa inakaa kwenye tangi, inakutana na hewa, inachoka, rangi inayumba. Ndiyo maana labu makini hupitisha ukanda wa majaribio kila asubuhi na kuupima. Siku hizi kazi zimepungua, watu picha zao ziko kwenye simu. Mashine inawashwa siku mbili tatu kwa wiki, unategemea nini?

#32 Wino Mzito
Au ya pili ni ya wino, magenta ndiyo imeziba. Au wameweka wino mbadala kwenye profaili ya wino halisi. Profaili ni ya wino fulani kwenye karatasi fulani, ukibadilisha kimoja tu haifai tena. Hili nalifahamu kwa kuwa wino mbadala ndio biashara ya nusu ya Mwanza.

#33 Kashozi Boy
Na uliziangalia wapi? Taa ya duka? Wino wa picha unaweza kuonekana sawa chini ya jua na ukawa kijani chini ya taa ya tyubu. Picha toka nayo nje, simama kivulini, si juani, uangalie tena. Na kama ni ya wino iache ikauke hadi kesho yake ndiyo uhukumu.

#34 Dada Lenzi
Kashozi hapo umesema, nakupa maua yako. Wachapaji wanaangalia prufu (chapa ya majaribio) chini ya mwanga wa kelvini 5000, una kiwango chake cha ISO kabisa. Sisi tunaangalia chini ya taa ya duka ya rangi ya barafu, mteja anaangalia sebuleni kwenye taa ya njano, kila mtu anaona picha yake.

#35 Kashozi Boy
Bukoba juu.

#36 Sato wa Kukaanga
Mmeona? Mngemwacha tu.

#37 Malimbe 3
Wakuu kadi ya kijivu inauzwa wapi hapa Mwanza? Rafiki yangu anasema yeye anapiga mizani ya weupe kwa Jiwe la Bismarck, ni kijivu tayari na ni bure.

#38 Mzee wa Filamu
Hahaha. Jiwe lile lina kinyesi cha ndege, lina kuvu, na jioni linabeba rangi ya jua na ya maji. Matale ya Mwanza mengine yana uwaridi ndani yake. Utapata bibi harusi wa samawati.

#39 Jamaa wa Dunga
Mzee, kwa kusema ukweli mchana wa mawingu si mbaya sana, nishajaribu na mawe ya huku. Lakini kadi halisi unaiweka mkononi mwa bibi harusi, jiwe utamwinulia vipi?

#40 Dada Lenzi
Malimbe, agiza ya plastiki, si ya karatasi, unyevu wa ziwani unaikunja. Ukipata ile bodi yenye vyumba 24 ya ColorChecker bora zaidi, ipo tangu 1976 na bado inatumika.

Igoma, nirudi kwako. Usipeleke albamu nzima tena kabla ya prufu. Mimi nachagua picha chache ngumu: ya gauni jeupe, ya suti, ya uso mweusi na wa maji ya kunde pamoja, na yenye kitenge cha rangi kali. Nazipanga kwenye faili moja pamoja na ngazi ya kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe, nachapa mashine ile ile, karatasi ile ile ya albamu, bila masahihisho. Ngazi ya kijivu ikitoka na rangi, labu haina pa kujificha. Ikitoka safi na suti ni kahawia, rudi kwenye faili lako. Ni hela ya soda. Waombe labu profaili yao, kama wanayo uiweke Lightroom, bonyeza S, utaona prufu kwenye skrini kabla hujatoka nyumbani. Photoshop ni Ctrl+Y.

#41 Wino Mzito
Dada, labu gani Mwanza itakupa profaili? Ukiuliza wanadhani unataka profaili ya Facebook.

#42 Dada Lenzi
Ipo moja walinipa. Sitaji jina, mods watasema tangazo.

#43 Pasiansi Juu
Na prufu ya kwenye skrini kwa skrini ya Igoma ni kazi bure, mmeshasema wenyewe haioni 43 na 33.

#44 Jamaa wa Dunga
Ina kazi kidogo. Mimi nachapa machweo ya ziwani kwa watalii. Ile rangi ya chungwa kali ikifika kwenye karatasi ya mati (isiyong'aa) inakuwa bapa moja, mawingu yote yanapotea. Nikiwasha onyo la rangi zisizochapika naona eneo lote limefunikwa, nashusha ukolezi kidogo au nabadilisha namna ya ubadilishaji, ile ya kubana rangi zote kwa pamoja badala ya kukata zilizozidi. Skrini yangu si ya maana hata.

#45 Kamera_Igoma
Mrejesho mfupi. Labu ya kwanza ni ya dawa, leza. Wamekubali kwamba masahihisho yalikuwa yamewashwa. Wamechapa upya picha moja ya bustanini bila masahihisho: suti ni nyeusi. Ya ukumbini bado kahawia. Ya labu ya pili nimetoka nayo nje kivulini kama alivyosema Kashozi, ukijani umepungua, haujaisha. Namba za bila flashi: R 40, G 33, B 34. Kwa hiyo bado.

#46 Mwl. Rangi
R imeshuka kidogo bila flashi. Naomba nihesabiwe nusu.

#47 Dada Lenzi
Nusu ya nini, tofauti ni pointi tatu na mwanga wenyewe umebadilika. LED bado ziko mbele.

#48 Mzee wa Filamu
Mngemuuliza mshonaji. Nyeusi nyingine zinatiwa rangi ya kahawia iliyokolezwa, jua la mchana linaonyesha ukingoni mwa kola.

#49 Sato wa Kukaanga
Rudi #2.

#50 Wino Mzito
Igoma, kile kidude cha kupimia skrini ninacho, Spyder ya zamani, na programu ya DisplayCAL ni ya bure. Njoo Nyakato nikuazime, ila unaacha kitambulisho. Wa mwisho kuazima yuko Geita mpaka leo.

#51 Kamera_Igoma
Jumamosi nakuja kaka.

#52 Malimbe 3
Nje ya mada kidogo: natengeneza lebo ya pakiti za dagaa wa Ukerewe, kijani cha nembo kwenye skrini ni cha kuwaka, mchapaji ananiletea kijani cha mboga iliyolala. Naye anasema faili ndivyo lilivyo.

#53 Dada Lenzi
Wewe sasa ndiye wa CMYK. Kijani cha kuwaka hakichapiki kwa wino nne, mwombe wino maalumu au chagua kijani kingine. Fungua uzi wako, na uandike ni plastiki au karatasi.

#54 Pasiansi Juu
Mwambie pia dpi 300.